Chungu cha Bi Lan

Sisi tuliokulia Malvern, kwenye vile vichochoro vya nyuma ya Jules Street, tukikutana leo hatuulizani habari za shule wala za walimu. Tunaulizana kuhusu baridi. Wazazi wetu walitoka Tanga, Dar na Unguja, watu wa joto na feni, halafu wakatuleta Johannesburg, mji ambao mwezi wa saba maji ya ndoo iliyolala uani yanaganda juu. Tulivaa sweta mbili mbili na soksi za baba zetu, madirisha yakazibwa kwa magazeti, na asubuhi nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa na uji wa tangawizi. Na ukikohoa mara moja tu, mama yako alikuwa ameshasimama mlangoni akikutazama.

Watoto wa siku hizi, Mungu awabariki, dawa yao ina ladha ya stroberi. Wanangu wawili nikiwashikia kijiko wanalia kwanza, halafu wananiambia kwa Kiingereza kwamba lazima niwaombe ruhusa. Sisi ruhusa yetu ilikuwa kubanwa pua.

Dawa ninayoikumbuka mimi ilikuwa ya Bi Lan. Alikuwa jirani yetu, Mchina mwenye duka la mablanketi na chupa za chai, ukuta mmoja na kibanda cha nyumbani kwetu alichokuwa akishonea Baba nguo. Mumewe alishafariki, na aliishi nyuma ya duka na binti yake Mei, niliyekuwa nikisoma naye darasa moja. Kiingereza cha Bi Lan kilikuwa cha kuuzia blanketi tu, na cha Mama kilikuwa cha kununulia nyanya, kwa hiyo wakajitengenezea Kiswahili chao cha maneno machache na mikono mingi. Walielewana vizuri sana. Mimi na wanangu tuna lugha tatu na hatufikii pale.

Baridi moja mdogo wangu Salimu alishikwa na kikohozi kikavu, cha kumkunja kitandani mpaka magoti yanagusa kidevu. Tulikwenda kliniki, akapewa dawa, tukarudi tena, akapewa nyingine. Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja huko Tanga kabla hatujazaliwa sisi, na yule naye alianza na kikohozi. Hakuwa akilisema. Alikuwa anakaa tu na kiganja chake kifuani mwa Salimu, na sisi wengine tulijifunza kutembea bila viatu ndani ya nyumba.

Ndipo Bi Lan akaja na vifurushi vya karatasi ya kaki vilivyofungwa kwa uzi. Mama akavimwaga kwenye ungo wa kuchagulia mchele, akaanza kuchambua. Mlikuwa na vipande vya mizizi, magome, maganda ya chenza yaliyokauka, tende nyekundu zilizokunjamana, na katikati yake vitu vyepesi vya rangi ya kahawia, vyenye miguu.

"Haya mdudu?" Mama akauliza.

"Mdudu kwenda. Nguo yake tu," Bi Lan akajibu, akionyesha kwa vidole jinsi nyenje anavyovua ganda lake na kuruka zake.

"Shoga, nguo ya mdudu siipiki kwangu. Mimi Mwislamu."

Bi Lan alicheka mpaka akashika ukuta, kisha wakainama pamoja na kutoa yale maganda moja moja. Hicho ndicho kicheko cha kwanza kusikika nyumbani kwetu tangu Salimu augue.

Mama akabandika dawa kwenye sufuria. Bi Lan alipoona ile sufuria aling'aka, akamwaga kila kitu, akakimbia kwake na kurudi na chungu cha udongo, kifupi, chenye mkono ubavuni na mdomo kama wa birika, kimepigwa masizi mpaka rangi yake ya asili haijulikani. "Sufuria hapana," alisema. "Chungu." Dawa ilirowekwa kwanza kwenye maji ya baridi. Ikachemka, moto ukapunguzwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Maji ya kwanza yakachujwa, yakaongezwa mengine, yakachemshwa tena, kisha yote mawili yakachanganywa. Hapo Mama hakuhitaji kuelekezwa. Mtu wa Tanga unamfundisha nini kuhusu tui la kwanza na tui la pili?

Harufu yake sijawahi kuikuta kwingine. Ilikuwa ya udongo uliolowa, mbao na kitu kichungu kilichoungua. Iliingia kwenye mapazia, kwenye sare za shule, kwenye mkate. Salimu alikunywa bakuli moja asubuhi na moja jioni, huku Baba amembana pua na Mama amekaa tayari na kipande cha halua. Makapi, Bi Lan alisema, yamwagwe barabarani, wapita njia wayakanyage wauchukue ugonjwa. Mama alikataa katakata. "Huyo anayepita ana kosa gani?" akasema, akayafukia chini ya mti wa mapichi.

Salimu akapona. Baba alisema ni dawa za kliniki, Mama alisema ni Mungu, Bi Lan akarudi kuuza mablanketi yake. Nilichokiona mimi ni Mama akicheka peke yake jikoni huku akikisugua kile chungu kwa majivu.

Sasa kwetu, chombo cha jirani ukikirudisha kitupu umemtukana. Mama aliamka alfajiri akakaanga vitumbua, vya iliki, vyenye kingo za kahawia, akatandika kitambaa safi ndani ya chungu na kuvipanga mpaka juu. Akavaa khanga yake mpya, akanichukua, tukaenda dukani kwa Bi Lan.

Bi Lan alitoka akitabasamu. Alipoona tulichobeba, tabasamu likakatika. Akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono mgongoni, akatikisa kichwa. Mama alidhani hakuelewa, akamsogezea. Bi Lan akarudi nyuma tena, akasema maneno ya kwao kwa haraka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tulirudi nyumbani na vitumbua vyetu. Mama hakulia mbele yangu. Aliviweka mezani, akasema, "Kumbe chakula chetu kinamtia kinyaa," akavua khanga na kuikunja. Chungu kikapandishwa juu ya kabati. Wiki zikapita, wanawake wawili walioshiriki ukuta mmoja wakawa wanafagia mbele ya milango yao kwa zamu ili wasionane. Sijawahi kumwona Mama mpweke kama siku zile.

Ni Mei aliyenieleza, tukiwa tumekaa juani ukutani wakati wa mapumziko. Kwao, alisema, chungu cha dawa hakirudishwi. Kinaazimwa, kinakaa kwa aliyekiazima, na mwenyewe hukifuata siku akiugua tu. Ukikirudisha kwa miguu yako, umemletea ugonjwa mlangoni.

Nilikimbia na habari ile mpaka nyumbani, bila hata kungoja robot, zile taa za barabarani, zigeuke kijani. Mama alinisikiliza, akakaa kitako sakafuni.

"Eti mimi," alisema, "nimembebea jirani yangu ugonjwa, tena nimeupambia kwa vitumbua!"

Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Jioni ile alikaanga vingine, akavipeleka kwenye sahani. Bi Lan alikula kimoja akiwa amesimama, kabla hata hajasema karibu. Siku ya pili sahani ikarudi imejaa machenza. Tangu hapo ile sahani ilienda na kurudi miaka na miaka, haikuwahi kusafiri tupu. Chungu kilibaki kwetu, juu ya kabati.

Nilikuwa nimeshaanza sekondari siku Bi Lan alipogonga mlango mchana, duka limefungwa, siku ya kazi. Hakuwa na sahani. Alisimama na mikono mitupu, akasema neno moja, "Chungu."

Mama akapanda kiti, akakishusha, akakiosha, akajifunga khanga kiunoni na kumfuata kwake kumpikia. Alimpikia mpaka mwisho. Tulimzika Bi Lan kabla baridi haijaisha, na Mei, msichana mdogo tu, alimuuliza Mama afanye nini na kile chungu.

"Kaa nacho, mwanangu," Mama akamwambia. "Nikikihitaji nitakifuata mwenyewe."

Leo naishi Kensington, nafanya kazi ofisini Marshalltown. Mei ana duka la dawa kule Cyrildene, kwenye mtaa wa Wachina, na ile sahani bado inasafiri, siku hizi ndani ya gari. Mama yuko kwangu. Hospitali tunakwenda, vidonge anameza, na daktari ameacha kutuambia habari za mwakani.

Juzi aliniita chumbani. "Zuhura, nenda kwa Mei ukanichukulie chungu."

Nikamwambia siku hizi kuna vya umeme, vinajizima vyenyewe, nitamnunulia kipya. Nilisema mengi. Nilikuwa naogopa, kwa sababu nilijua kwenda kukichukua kuna maana gani.

"Sitaki kipya," akasema. "Mwambie nilitaka kuja mwenyewe, miguu ndiyo imekataa."

Mei alikuwa anapima dawa nilipoingia. Akatazama mikono yangu, akaiona haina sahani, na kile kipimo akakiweka chini. Alikwenda nyuma, akarudi na chungu kimefungwa taulo, kakishika kwa mikono miwili, akafunga duka saa nne asubuhi na kuingia kwenye gari langu.

Jikoni kwangu akaroweka mizizi kwenye maji ya baridi, na harufu ile ikapanda. Wanangu wakashika pua, wakasema eish, wakakimbilia nje na simu zao. Mama alikunywa bakuli lake lote polepole, akaomba halua.

Siku hizi habari ya mgonjwa inakuja kwenye simu, na viganja vya dua, unajibu "pole sana" ukiwa kwenye foleni ya robot. Enzi zetu mtu alitembea mpaka mlangoni kwako kudai chungu, na wewe ulikuwa umeshafunga khanga kiunoni kabla hajamaliza. Kila Mama akishakunywa, chungu kinapanda juu ya kabati langu, na sitakirudisha. Ila Mei akigonga mlango, kabla sijamtazama usoni, namtazama mikono.