Pengo Nililoziba kwa Mabati

Nakumbuka adhuhuri moja hapa Wabera, mjini Isiolo, jua likiwa juu ya kichwa, nami nimesimama nje ya geti la kwetu nikibisha kama mgeni. Ndani mama yangu alikuwa akiniita. Nilimsikia vizuri, mwanangu, lakini sikuelewa. Kama ananisikia, mbona hafungui? Na kama hataki kufungua, mbona anaita?

Nakuandikia haya kwa sababu umenitumia picha ya ukuta unaojenga kule upande wa Ngaremara. Ni ukuta mzuri. Juu umepanga vipande vya chupa, na geti halina hata tundu la kuchungulia. Umeniuliza kama unatosha. Nimekaa na swali lako, na jibu langu halinyooki. Wacha nikusimulie kwanza.

Wakati huo nilikuwa kijana, baba ameshafariki, na nyumbani tulibaki mimi na mama. Nilikuwa na haya nyingi. Mtu akinisalimu nilitazama viatu vyangu. Na wewe unazijua salamu za kwetu: mtu hakuulizi hali akaenda zake. Anauliza amani, anauliza mama, anauliza mifugo hata kama huna kuku. Mimi nilizunguka nyuma ya msikiti ili nisikutane na watu.

Ua wetu ulikuwa wa miti na miiba, na ubavuni ulikuwa na pengo. Upande wa pili aliishi Mama Kendi, Mmeru aliyeuza mboga sokoni. Kila asubuhi alipita kwenye pengo lile kuchukua makaa ya moto jikoni kwetu, au kutuletea.

"Mama Dida, umeamka?"

"Nimeamka, Mama Kendi. Amani?"

Basi hapo wataongea mpaka uji uungue. Mimi natoka kifua wazi natafuta shati, Mama Kendi ameshafika katikati ya ua, ananiambia nimekonda. Nililichukia pengo lile.

Halafu nyumba mbili za mtaani zikavunjwa, na kila mtu akawa anazungumza habari za wezi. Nilikuwa mbebaji mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tajiri wangu akaniachia mabati yaliyopinda. Nikazungushia nyumba yote, marefu kuliko mtu, na juu nikapitisha seng'enge. Geti nikalitia kufuli kwa ndani, ufunguo mama akauvaa shingoni. Dirisha la chumba chake nikalipigilia bati. Mlango wa chumba hicho nikauwekea komeo kwa nje, ili akienda sokoni vitu vyake vibaki salama. Na pengo la Mama Kendi ndilo nililoliziba kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa na ukuta nikajenga, nikajiona nimewashinda wahenga. Mama alitazama kazi yangu akauliza swali moja tu: "Dida, umemfungia nani nje?"

"Wezi, mama."

Hata mimi sikujua kwamba haya yangu ndiyo iliyoshika nyundo.

Basi adhuhuri ile nilikuwa nimerudi kula. Nikabisha, na sauti ya mama ikatoka mbali, ikagonga mabati upande huu na upande ule, nisijue inatokea chumbani au jikoni. "Dida! Wamenifungia chumbani!"

Nani? Niliinama nikachungulia chini ya geti. Kufuli ilikuwa pale pale, haijaguswa. Mtu ameingiaje, na ametokea wapi? Nilisimama nikihesabu kazi yangu kichwani, bati kwa bati, nikitafuta nilipokosea, na wakati huo mama yuko ndani ya chumba cha mabati kisicho na dirisha. Unalijua jua la Isiolo, mwanangu. Chumba kile kilikuwa tanuri. Alikuwa mle tangu nilipoondoka asubuhi, na sauti yake ilikuwa inapungua.

Nikaparamia geti. Seng'enge yangu mwenyewe ikanichana viganja, nikaanguka. Nilipoinuka kujaribu tena, vijana wa boda walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Wewe! Unaruka kwa nani?"

"Kwetu."

"Kwenu, na huna ufunguo?" Wakacheka. "Hii mwizi ya mchana iko na haya! Ona vile inaangalia chini!"

Mmoja aliokota jiwe. Nilitaka kusema jina langu, ulimi ukakataa. Wasingelijua hata kama ningelitaja. Nani angenijua? Nilikuwa napita kwa kujificha miaka yote, na tangu nizungushe mabati hata jirani hakuniona uso. Nilikuwa mwizi kamili: mikono ina damu, mguu mmoja umekanyaga geti, na macho hayataki kutazama mtu.

Mama Kendi ndiye aliyetoka kwake akikimbia. "Wacheni huyo! Ni Dida wetu huyo! Dida, kuna nini?"

Hapo nikapiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Mama anakufa ndani!"

Mama Kendi alijishika mdomo. "Kumbe ni yeye alikuwa anagonga? Nimesikia kugonga tangu asubuhi. Nikasema, huyu kijana anaongeza mabati tena."

Jirani mwingine, Mzee Guyo, aliyechunga ng'ombe ujana wake wote kule Kipsing, alikuwa ameshafika na fimbo yake. Hakuuliza mengi. Alinyoosha fimbo ubavuni mwa ua. "Pale alipokuwa anapita huyu mama. Miti iliyoshika mabati pale ni dhaifu. Vunjeni."

Mtaimbo ukaletwa. Vijana wale wale waliotaka kunipiga ndio walioling'oa bati. Nami nilisimama nikitazama nyumba yetu ikivunjwa mchana kweupe, na nikamwomba Mungu waharakishe.

Tulimkuta mama amelala sakafuni, mdomo umeelekea kwenye upenyo wa chini ya mlango, akivuta hewa. Mama Kendi alimmwagia maji kichwani, akamnywesha kidogo kidogo. Mama alipofumbua macho aliuliza, "Nani ameingia?"

"Ni mimi, Mama Dida."

"Umepitia wapi?"

"Pale pale."

Mama akafumba macho tena, akatabasamu. "Basi asizibe tena."

Baadaye tuliona jinsi wezi walivyoingia. Mawe yaliyobaki nilipokaza miti ya ua nilikuwa nimeyarundika nje, nyuma ya ua, upande wa laga, ule mto mkavu, ambako hapiti mtu. Wakayapanda kama ngazi, wakatupa gunia juu ya seng'enge. Walichukua redio, betri ya sola na simu ya mama. Na juu ya meza tulikuta vikombe vya chai. Walipika chai, mwanangu! Walikaa kwetu kama wenyeji, kwa sababu hakuna jicho la mtu lililoweza kufika.

Mzee Guyo alivitazama vikombe vile, kisha akanitazama mimi. "Kule Kipsing tulizungushia ng'ombe miiba," akasema. "Kwenye miiba fisi hapiti, lakini macho yanapita, na sauti inapita. Wewe umezuia macho na sauti, fisi akapita." Aliondoka na fimbo yake, nami nikabaki nimeinama. Safari ile sikuwa natazama viatu kwa haya tu.

Sasa swali lako. Je, ukuta unatosha? Sikuambii uubomoe. Wezi wapo, na mlango usiofungwa ni mwaliko. Funga. Usirundike mawe wala mbao nje ya ua. Usiweke komeo linaloweza kumfungia mtu ndani, na dirisha liache lipumue. Ufunguo wa pili mpe mtu unayemwamini. Lakini katika ukuta huo acha mahali ambapo jirani anaweza kuona mlango wako, na kabla hujahamia nenda ukawasalimu, mmoja mmoja, salamu ndefu. Najua umerithi haya yangu. Nenda nayo hivyo hivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami niko mbali na wewe.

Nimezeeka na bado jambo hili linanichanganya: hodi niliyoichukia ndiyo iliyokuwa mlinzi wetu, na sikuisikia mpaka nilipoinyamazisha.

Mungu akupe kufuli inayomshinda mwizi, na jirani asiyeshindwa na kufuli. Akujalie mtu wa kukuita kwa jina kila asubuhi, na siku usipoitika, asitulie mpaka ajue kwa nini. Amina.