Mashine Iliyomkataa Mizani

Mume wangu walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mamake. Alikuwa mpimaji wa damu kwenye zahanati iliyo juu ya duka la rangi. Mimi nilikaa mapokezi, yeye nyuma ya ukuta wangu, kwenye chumba cha vigae vyeupe chenye friji inayonguruma kutwa. Chupa za kiwandani zenye damu ya kuhakikishia kama mashine inasoma sawa zilikwisha zamani na bosi akajifanya kiziwi. Basi kila Jumatatu Mizani alijitoa damu mwenyewe, akaipitisha kwenye mashine, na iliyobaki akaigandisha kwenye vichupa vyenye jina lake. Damu yake ikisoma sawa, mashine iko sawa. Mtu hanywi, havuti, haugui hata mafua. Nani angembishia?

Halafu mashine ikaanza kumkataa.

Niliisikia kupitia ukutani, ule mlio wake wa onyo, tii, tii, tii. Nikaenda. Kimeng'enya kimoja cha ini, kile ambacho pombe hukipandisha, kilikuwa kimevuka mpaka. Mizani akacheka mpaka machozi.

"Mama watoto, njoo uone maajabu! Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, kumbe mashine ndiyo inalewa!"

Akaingia kwenye mipangilio, akabonyezabonyeza mpaka damu yake ikasoma vizuri. Mlio ukakatika, wagonjwa wakaendelea kupimwa.

Baada ya muda, tii, tii, tii. Akaishusha namba. Ikapanda tena. Akaishusha tena. Ikawa kila Jumatatu nimeukodolea macho ukuta, namngoja yule kiumbe alie. Sikuwa na neno jingine la kuiita mashine ile. Wagonjwa wote iliwapitisha kimya. Ilimlilia mtu mmoja tu.

Na huyo mtu alikuwa anabadilika, jamani, si macho yangu tu. Kitambi kilimtangulia mlangoni. Ngazi alizozoea kuzipanda akipiga mluzi, sasa alisimama katikati akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

"Baba watoto, nenda kwa daktari."

"Daktari anipime nini, na mimi ndiye Mizani?"

"Ubishi wako huo utakutoa roho!" nilimfokea. Akanishika kidevu, akaenda zake kazini.

Jumatatu moja mlio ukaanza na haukuzimwa. Nikangoja. Ukaendelea. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kwenye stuli yake, shavu limeegemea mashine kama mtu anayesikiliza, kidole bado kiko kwenye kitufe. Nilimwita kwa jina alilopewa na mamake. Hakugeuka.

Madaktari walisema ni moyo. Nikakasirika. Moyo umeingiaje hapa?

Tukazika. Bosi, masikio yakamzibuka ghafla, akanunua mashine mpya na chupa zake halisi za kuhakikishia. Akaja na mpimaji mpya, mama mmoja mpole asiyemjua mtu yeyote pale. Siku yake ya kwanza alikuta vichupa kwenye friji, akayeyusha kimoja aone mashine inasemaje. Kupitia ukutani nikasikia, tii, tii, tii.

Akatoka na karatasi mkononi. "Dada, huyu Mizani ni nani? Mpigie simu aje leo leo. Aonane na daktari wa moyo."

"Si ini hilo?"

"Wote husema hivyo. Kimeng'enya hiki kinaweza kupanda hata kwa asiyekunywa, mafuta yakimjaa kwenye ini. Na watu wa namna hiyo mara nyingi hatari ya moyo na mishipa kwao huwa kubwa zaidi. Namba yenyewe haiui mtu, dada. Inabisha hodi tu. Huyu bado tunaweza kumuwahi."

Kazi yangu ni kupiga simu, basi nikabonyeza namba niliyoikariri. Simu ya mume wangu ikaanza kuita ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, nilikoiweka tangu tumzike, kila usiku nikiichaji. Niliiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe. Mpimaji akautazama mkoba, akanitazama mimi, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Ndipo nikakumbuka. Mashine ile ile aliyoilazimisha kumwambia yuko sawa, ndiyo iliyowaambia wagonjwa wake wako sawa. Mtaa mzima! Wa kwanza kunijia akilini ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mwenye kitambi kama cha mume wangu, aliyeondoka na majibu yake akitabasamu.

Nikaitafuta namba yake kwenye daftari la mapokezi, nikapiga. Ikaita. Ikaita. Nasema kimoyomoyo, pokea, baba wee, pokea.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Nikaangua kilio kabla sijamjibu.