Mwimbishaji wa Mercy Tolman

Eliphalet Crockett wa Thomaston alikuwa na sura ya kiatu kilichonyeshewa na sauti ya kuamsha makaburi. Kwa sauti hiyo manahodha walimgombea tangu ana miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuimbisha: yeye hutoa ubeti, wenzake huitikia huku wakivuta kwa pamoja, na foromali, ule mti mzito unaobeba tanga, hupanda mlingotini. Bila wimbo kila mmoja huvuta kwa wakati wake, wakaambulia jasho tu.

Tena mwimbishaji alikuwa na haki asiyokuwa nayo baharia mwingine: maneno ya wimbo hayaadhibiwi. Mwambie mkubwa wako kuwa ni mchoyo, atakung'oa meno. Yaimbe hayo hayo ukiwa kambani, atameza mate na kutazama pembeni.

Ndiyo maana Jotham Thurlow, naibu wa nahodha katika merikebu Mercy Tolman, hakumpenda. Eliphalet naye alimchukia maradufu, na alikuwa na haki. Wakirudi kutoka Buenos Aires na shehena ya ngozi, shemeji yake Lemuel aliteleza kwenye foromali akaanguka baharini. Bahari ilikuwa shwari na kichwa chake kilionekana. Thurlow ndiye aliyekuwa zamu.

"Mashua ya nini?" alisema. "Huyo kashakwisha."

Hakuwa amekwisha. Walimsikia akiita kwa muda mrefu.

Kesho yake, kambani, Eliphalet akatoa ubeti mpya:

"Lemuel kaanguka, yu hai majini,
Thurlow kauliza, mashua ya nini?"

"Vuta, ndugu, vuta!" wakaitikia wote, na foromali ikaruka juu.

Thurlow alikuja mbio. "Basi! Kuanzia leo hakuna wimbo. Mtavuta kimya."

"Kimya, bwana? Kwani tumekuwa manowari, wanakovuta bila kuimba?"

"Fungua tena hilo domo, nikutie pingu."

Wakavuta kimya wiki tano. Kazi ya robo saa ikala saa nzima, na Thurlow, mwenye roho ya kutu, akawaita wavivu na kuwanyang'anya mapumziko ya mchana. Eliphalet alitafuna mikate yake migumu. Alikuwa akingoja kitu kimoja: siku Thurlow atakapomwomba wimbo, naye amnyime.

Siku ikafika, karibu kabisa na Boston. Upepo wa kaskazini mashariki ulikuja na theluji, ukawa unaisukuma merikebu kwenye miamba ya Cohasset. Tanga kubwa la juu lisingepanda kuipa merikebu mwendo wa kukwepa, wangepasukia pale pale. Kamba ilikuwa imeganda. Watu ishirini walivuta, kila mtu na lake, foromali haikusogea. Mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe miambani.

"Imbisha, Crockett!" Thurlow alipiga kelele.

"Umekataza, bwana."

"Nakuamuru!"

"Wimbo hauamriwi. Omba."

Thurlow aliitazama miamba. "Tafadhali," akasema.

Neno hilo Eliphalet alikuwa amelingojea wiki tano, na alipolipata alifumba mdomo. Alitaka yule mtu afe. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote.

Nyuma yake mzee Amos Beal, vidole vikivuja damu, akamwambia, "Eli, mwanangu, mimi nilimkosea nini Lemuel?"

Eliphalet akaimba. Alitoa ubeti ule ule, kwa sauti ya kupasua kifua, na Thurlow mwenyewe akadaka kamba na kuitikia kwa nguvu kuliko wote: "Vuta, ndugu, vuta!" Foromali ikapanda, tanga likajaa, merikebu ikaipita miamba kwa upana wa ua wa kanisa.

Thurlow akajifuta uso, akacheka. "Sauti nzuri, Crockett. Umetuokoa sote."

Nyumbani Thomaston, dada yake Prudence, mjane wa Lemuel, alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni. Hakulia.

"Kwa hiyo Thurlow ukamwokoa?"

Eliphalet hakurudi tena baharini. Alichoma chokaa miaka ishirini na sita, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akiimba, hata kanisani.