Kinyozi Aliyekataa Kuuza Mdomo Wake

Saa nne asubuhi, kinyozi amemnyoa mteja shavu moja. La pili bado limejaa povu, na hakuna anayejali. Kibanda cha watu sita kina watu ishirini, ukimhesabu na yule anayening'inia dirishani. Wote wanasubiri wakili apige simu kutoka mahakamani, inakosomwa hukumu ya kesi ya kinyozi huyu.

Mwenyewe hakwenda. "Jaji akitaja kiasi nikazimia, nani ataniamsha kule? Hapa angalau kuna maji."

Mtaa mzima unamwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Inasemekana kuna mteja aliyenyolewa upara huku akisimuliwa kisa, na kisa kilipoisha, nywele zikawa tayari kunyolewa tena.

Miaka mitatu iliyopita, Redio alipasuliwa ngiri katika hospitali moja ya binafsi. Kidonda kilipona, maumivu yakabaki. Kwa miezi tisa alinyoa akiwa amejikunja. Wateja ishirini wa kila siku wakapungua hadi watano.

"Nilikuwa naona videvu tu," anasema. "Wenye nywele za kisogoni walinikimbia!"

Picha iliyopigwa hospitali nyingine ikafichua siri: tumboni mwake kulikuwa na kitambaa cha kufutia damu, kimesahauliwa humo.

"Kikubwa kama leso," anaonyesha kwa mikono.

"Wiki jana kilikuwa taulo," fundi viatu wa mlango wa pili anamkatiza. "Mwakani kitakuwa shuka la kitanda."

Redio akafungua kesi ya fidia. Mwezi uliopita hospitali ikamvuta pembeni: milioni kumi na nane, wamalizane nje ya mahakama. Ila asitaje tena habari ya kitambaa, popote, kwa yeyote, maisha yake yote.

Mkewe, mshonaji wa mapazia, alitaka asaini. Deni la upasuaji wa pili, wa kukitoa kitambaa, lilikuwa limewakaba. "Nikamwambia, baba, jaribu kunyamaza siku moja tu, tuone kama utaweza."

Akajaribu. Mteja wa kwanza akampa pole ya msiba. Wa tatu akatoa rambirambi.

Alasiri akaingia dereva mmoja, akawa analalamika: dada yake alipasuliwa hospitali hiyohiyo, kidonda kimefunga vizuri, lakini tumbo halimpi usingizi. Redio akatazama kioo. Kisha akaweka mashine chini.

"Mpeleke akapigwe picha! Leo hii, si kesho!"

Dada naye akakutwa na kitambaa chake.

Karatasi ya makubaliano ilirudi hospitalini bila saini, na aliyeirudisha ni mke. "Milioni kumi na nane ni nyingi," anasema. "Lakini yule dada angekufa, sisi tumelala kwenye godoro jipya."

Simu inalia. Redio anaipokea na kuiweka spika, kila mtu asikie.

"Tumeshinda!" wakili anapayuka. "Milioni kumi na moja, na gharama za kesi juu yake!"

Kibanda kinalipuka. Wa dirishani anaangukia ndani. Mteja wa kitini anamkumbatia kila aliye karibu, na povu lake linahamia mashavu ya mtaa mzima. Mke wa Redio analia na kucheka kwa mkupuo mmoja.

"Shemeji, milioni saba zimeenda na maji," fundi viatu anamchokoza.

"Haziendi kokote. Nimeukomboa mdomo wa mume wangu. Ghali kweli, lakini nishauzoea!"

Wakili anaonya kwamba hospitali bado inaweza kukata rufaa. "Wakate!" Redio anamjibu. "Watanipa sehemu ya pili ya kusimulia."

Fidia ikitoka, deni litalipwa kwanza, kisha kitanunuliwa kiti cha kupandisha na kushusha kwa kukanyaga. Mlangoni Redio anataka kuandika tangazo kwa rangi nyekundu, lionekane tokea ng'ambo ya barabara.

"Yeyote aliyetoka kupasuliwa, kichwa chake nanyoa bure," anasema. "Ila asinikalie kimya. Aniambie kila panapomuuma."