Kaulizwa habari za ajali, kaandika harusi

Saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali, mama wa miaka hamsini na moja anashika shuka kwa pembe mbili, analikung'uta juu ya meza ya bati, kisha anatega sikio. Kimya. Analitupa ndani ya mashine na kuvuta jingine, midomo ikimchezacheza. Si sala hiyo. Ni msamiati wa Kiingereza.

"Usiniulize maana yake," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Asubuhi nayaingiza, mchana yameshatoka. Na vitenzi vyao ndiyo balaa. Leo kinaitwa hivi, jana kilikuwa na jina lingine kabisa, utadhani kinatafutwa na polisi!"

Wenzake wanamwita Bibi Harusi. Jina hilo halipendi hata kidogo, na kisa chake kinachekesha na kuudhi kwa pamoja.

Kwa miaka sita amekuwa kaimu msimamizi wa chumba hiki. Anapanga zamu, anafundisha wageni, na sabuni ikiisha analaumiwa yeye. Sasa uongozi umetangaza kwamba atakayethibitishwa lazima afaulu mtihani wa kuandika Kiingereza. Nani aligundua kuwa mashuka hayatakati bila Kiingereza? Mwandishi aliuliza ofisi tatu, na kila moja ilimwelekeza kwa nyingine.

Ameshafeli mara mbili. Mtihani wa mwezi ujao ndio wa mwisho. Akianguka, nafasi inakwenda kwa karani mmoja mwenye Kiingereza kizuri, ambaye ameshasema waziwazi kuwa huku kukung'uta shuka mojamoja ni kupoteza muda.

Hapo ndipo damu inapomchemka mama huyu. Zamani mashuka yaliingia mashineni jinsi yalivyoletwa. Siku moja mwenzake alikumbatia furushi kutoka chumba cha upasuaji, akachomwa na sindano iliyosahaulika ndani.

"Alikuwa ananyonyesha," anasema. "Akaambiwa aache mpaka majibu ya damu yatoke. Mtoto analia, maziwa yanamlowesha gauni, na hawezi kumpa. Majibu yalitoka salama, lakini kazini hakurudi tena. Nikasema basi. Kila shuka litakung'utwa juu ya bati, na kama kuna chuma, tukisikie."

Kiingereza anafundishwa nyumbani, kwenye meza ya jikoni, na wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu mstaafu asiye na subira. Mwanzoni wifi alimpa insha moja ya harusi aione tu, ajue insha nzuri inavyokwenda. Mama akaikariri yote, hadi koma ya mwisho.

Mtihani wa kwanza uliuliza habari za safari. Akasafiri kwenda harusini. Wa pili ulisema: eleza ajali iliyowahi kutokea kazini kwako, na mlifanya nini isitokee tena.

"Na wewe ukaandika nini?" mwandishi anauliza.

"Keki ilianguka," anajibu kwa sauti ya chini. "Kwani hiyo si ajali?"

Jumamosi mwandishi alipofika nyumbani kwake, wifi alikuwa bado hajapoa.

"Wifi, umeulizwa swali lako mwenyewe! Hakuna mtu hospitali nzima mwenye jibu hilo ila wewe. Halafu unawapeleka watu kwenye keki!"

"Ya harusi haina kosa hata moja, wifi. Yangu ningeiandikaje? Ningejiaibisha."

"Na kufeli ndiyo heshima?"

Wifi alikuwa ameshaichana ile insha. Akamsukumia karatasi tupu, akamwambia aandike ya sindano. Mama akaguna, akanung'unika, akainuka kuangalia sufuria ambayo haikuwa na neno, akarudi. Aliandika polepole huku jasho likimtoka, akifuta na kuandika tena. Kwa mtu anayeendesha mashine nne kwa wakati mmoja, ilikuwa inatia hasira kumwona akibabaishwa na kalamu.

Alipomaliza, wifi alipitisha wino mwekundu mpaka karatasi ikaonekana imetoka vitani. Mama akaitazama, akakunja uso.

"Si nilikwambia? Afadhali harusi."

Wifi aliirudia karatasi, akaisoma tena kimoyomoyo.

"Makosa ni mengi, sikufichi," akasema mwishowe. "Lakini nimeelewa yote. Hata yule mtoto aliyekuwa analia, nimemsikia."

Mama akaivuta karatasi, akataka aonyeshwe kosa la kwanza, na hapo wakaanza kubishana upya.

Mwandishi alipoaga alimwuliza atafanya nini mwezi ujao. Anasema atafanya mtihani, na swali lolote litakalokuja atalijibu lilivyoulizwa. Ila kama nafasi ikipatikana ya kueleza kwa nini shuka hukung'utwa mojamoja, ataitumia, kwa Kiingereza chake hichohicho.

"Wakate alama watakavyo, nimechoka kuwaogopa," anasema. "Lakini wakinitoa, huyo karani atakayekaa pale hatasema hakuambiwa. Nitakuwa nimemwandikia kwa lugha yake."