Chini Yake Kuna Ng'ombe

Tluway alimpiga Marsela kwa mara ya kwanza mwaka wa sabini na tano, juma la pili baada ya harusi, kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Mara ya pili ugali ulikuwa wa moto mno. Baada ya hapo hakujisumbua tena kutafuta sababu.

Walikaa juu kidogo ya Karatu, kwenye mteremko unaopakana na msitu wa Ngorongoro, na nyumba za majirani zilikuwa karibu. Ukipiga chafya kwako, wa pili anakujibu kwake. Kwa hiyo watu walisikia. Walisikia mwaka wa sabini na saba mpini wa jembe ulipomng'oa Marsela jino la mbele. Walisikia mwaka wa themanini mkono wake wa kushoto ulipovunjika, ukaunga vibaya, kidole kidogo kikabaki kimesimama peke yake. Marsela alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akamwambia wagombanao ndio wapatanao. Akaenda kwa katekista, naye akamsomea habari za uvumilivu. Wanawake wenzake walimkanda kwa maji ya moto, wakasema, "Pole, mama," wakarudi makwao. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Basi hao walilima sana. Kwenye mashamba yao hukuona hata gugu moja.

Kitu kimoja tu katika nyumba ile kilikuwa cha Marsela, nacho ni maziwa. Ng'ombe ni wa mume, lakini pale kijijini maziwa yalikuwa ya mwanamke tangu yanapotoka kwenye chuchu. Yeye hukamua, yeye hugawa, na mwanaume akiyataka huomba. Mzee Lusia, ambaye kijiji kizima kilimwita Aama kwa kuwa alikuwa bibi wa wote, alimweleza Marsela sheria yao siku alipoletwa kuolewa.

"Mume akikupiga, hayo ni ya nyumbani kwako," alisema Aama. "Lakini akimwaga maziwa uliyoyashika mkononi, ametupiga sisi sote. Hapo tunakuja."

Marsela alicheka, maana alikuwa bado bibi harusi. Baadaye aliacha kucheka.

Tluway naye aliijua sheria hiyo, na hakuwa mjinga. Alipotaka kumpiga mkewe akamkuta ameshika kibuyu, alisema kwanza, "Weka chini." Marsela aliweka chini. Miaka saba aliweka chini, kisha akapigwa.

Mwaka wa themanini na mbili, wakati madukani hakuna sabuni wala mafuta ya kula, hoteli moja ya kule juu kwenye ukingo wa kreta iliishiwa vyakula vya kizungu. Mpishi mkuu wake, Melkizedek, Mchaga wa maneno mengi, aliteremka kutafuta mtu anayejua kutengeneza jibini. Watu wakamwelekeza kwa Marsela, aliyefundishwa na masista wa misheni kabla ya kuolewa.

"Mama, wageni wanataka kitu laini cha kuchovyea karoti," alisema Melkizedek.

"Karoti mbichi?"

"Mbichi kabisa. Na matango, na koliflawa."

"Maskini! Kwao hakuna kuni?"

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa siku nyingi Marsela hajacheka na mtu, na alishangaa kusikia sauti yake.

Kazi yenyewe aliipenda mno. Alichemsha maziwa mpaka yakapanda, akayaepua, akakamulia ndimu, akasubiri bila kuyagusa. Yalikatika yenyewe, mabonge meupe upande mmoja na maji ya kijanijani upande mwingine. Alichuja kwa kitambaa, akakitundika kwenye mwamba wa paa kidondoke taratibu. Asubuhi aliyaponda yale mabonge kwa mwiko, akaongeza utando wa maziwa aliouengua jana yake, akaponda tena mpaka yakawa mororo. Ndipo zikaingia chumvi, kitunguu saumu kilichosagwa, majani ya kitunguu na giligilani iliyokatwakatwa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Kila Jumanne na Ijumaa alibeba bakuli lake mpaka barabara kuu, Landrova ya hoteli ikalipokea. Huko juu wageni walilamba vidole, na Melkizedek alimletea salamu zao kama barua.

Salamu hizo ndizo zilizomchoma Tluway. "Huyo Mchaga anakupa salamu za nani?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alimkata kofi.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, jua limeshatoka, Tluway alirudi kutoka kilabuni alikolala, macho mekundu, fimbo ya mchungaji mkononi. Marsela alikuwa amesimama jikoni, amemaliza kuchanganya, bakuli mikononi. Alimsikia akikohoa uani. Siku nyingine angeliweka bakuli darini kwanza. Siku ile miguu ilikataa. Alichoka, huo ndio ukweli wake. Alichoka hata kuogopa.

"Weka chini," alisema Tluway.

"Siweki."

"Nasema weka chini!"

"Haya ni maziwa, Tluway. Ukitaka kunipiga, nipige nikiwa nimeyashika."

Tluway aliangalia ndani ya bakuli. Akaona vijani, akasikia harufu ya kitunguu saumu, akacheka. "Maziwa? Haya ni matapishi ya wazungu!" Akainua fimbo akaliteremshia bakuli kwa nguvu zote. Bakuli lilipasuka kifuani pa Marsela. Fimbo ilirudi ikamkuta shingoni, ikamkuta begani, ikamkuta kichwani mpaka damu ikateremka na kuchanganyika na jibini kwenye gauni lake. Alipoanguka, Tluway alimpiga teke mbavuni, mara mbili, akaikanyaga ile jibini sakafuni, akatoka kwenda kukaa uani kama mtu aliyemaliza kupasua kuni.

Marsela alitambaa mpaka mlangoni. Hakulia. Alipiga ukunga, na ndani yake akaweka neno moja: "Maziwa! Maziwa!"

Wanawake walikuja mbio, safari hii majembe wakiyatupa. Walifika thelathini na zaidi, wakasongamana jikoni. Katarina, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliinama akaangalia sakafuni.

"Maziwa gani yenye majani?" alisema. "Hiki ni chakula cha hotelini. Mama, umetupigia ukunga kwa sababu ya mboga?"

Wengine waliguna. Wawili walianza kurudi mlangoni. Marsela aliona migongo yao, na akajua kwamba wakitoka tu, Tluway ataingia kumaliza alichokianza. Safari hii hatapona.

"Nimeyakamua kwa mikono yangu," alisema, damu mdomoni. "Onjeni."

Hakuna aliyetaka kuonja kitu cha sakafuni. Ndipo Aama Lusia, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, akapewa njia. Alipiga magoti, akapapasa, akachota kwa vidole viwili pale palipokuwa safi, akatia mdomoni. Alitafuna kwa ufizi, muda mrefu. Nyumba nzima ilimtazama taya.

"Kuna kitunguu," alisema.

Wale wawili wa mlangoni wakageuka.

"Kuna chumvi. Kuna ndimu." Akameza, akajipangusa mdomo. "Chini yake kuna ng'ombe. Haya ni maziwa."

Walitoka kwa pamoja. Tluway alipowaona alicheka kwanza, akasema jikoni ndiko kwao. Katarina, yuleyule wa mboga, alimpiga fimbo ya mdomo, na kicheko kikatoka na meno mawili. Alijaribu kukimbia, wakamtega miguu kwa kamba ya kukamulia, ile ya kufungia ng'ombe miguu ya nyuma, akaanguka kifudifudi kwenye mavi ya zizi lake mwenyewe. Walimpiga kwa fimbo, kwa mipini, kwa mawe ya kusagia. Waliokuwa na watoto wachanga mgongoni walipiga kwa mkono mmoja. Mkono wake wa kulia uliitika kama ukuni mkavu. Wanaume walisimama mbali, balozi wa nyumba kumi akiwa mbele yao, na hakuna aliyenyanyua mguu, kwani anayeingilia maziwa hupigwa naye. Siku za mwizi ni arobaini. Za Tluway zilitimia asubuhi ile, na ninyi mnaomwonea huruma mnanishangaza.

Walimwachia uhai. Kisha wakamtoa zizini fahali wake mweusi, aliyempenda kuliko mtu, wakamchinja papo hapo, wakawasha moto, wakala nyama mpaka jua likakaribia kwenda nyuma ya msitu. Damu ilijaa uani, ya fahali na ya mwenye fahali, huwezi kuzitenganisha.

Marsela alikaa karibu na Aama, kichwa kimefungwa kwa kitenge. Alikuwa na furaha, kipande cha nyama mkononi.

"Aama," alisema, "jino langu lilipong'oka, mlisikia?"

"Tulisikia, mwanangu."

"Na mkono?"

"Na mkono."

"Mbona hamkuja?"

Bibi aligeuza uso wake wenye ukungu kuelekea sauti. Hakukasirika. Alishangaa tu, kwa dhati. "Lilikuwa jino lako," alisema. "Hayakuwa maziwa."

Marsela aliirudisha nyama sahanini. Tangu siku ile hakuna aliyempiga tena. Tluway alibaki na mkono uliokunjika na sauti ya chini. Jibini iliendelea kupanda kreta kila Jumanne na Ijumaa. Lakini jibu lile la bibi lilimkaa kifuani kwa miaka mitatu, na hakuna salamu za wageni zilizoliondoa.

Mwaka wa themanini na tano, asubuhi moja akiponda jibini, alisikia nyumba ya tatu Evarista akilia. Alikuwa mke mpya wa Wilibrodi, hajamaliza hata mwezi. Fimbo ilisikika vizuri. Katarina alikuwa shambani akisikia, akaendelea kulima.

Marsela alifunika jibini yake kwa sahani. Hakuchukua fimbo wala panga. Alichukua kibuyu cha maziwa ya asubuhi, bado yana povu, akavuka mashamba mawili bila kukimbia yasije yakamwagika. Alisukuma mlango. Wilibrodi alikuwa amesimama, mkono juu. Evarista yuko sakafuni, amejikunja. Marsela alimshika msichana kwapani, akamsimamisha, akamkabidhi kibuyu mikononi, akaisogeza mikono hiyo mpaka kibuyu kikakaa kifuani.

Kisha akasimama kando yake, akamtazama Wilibrodi.

"Haya," alisema. "Piga sasa."