Herufi Nyeusi za Nshamba

Sikulala nikiwaza niandike mabango ya kisomo cha watu wazima pale kijijini Nshamba kwa herufi gani. Afisa elimu alikuwa ameniambia darasa likiwa tupu, kazi sina. Nikachagua herufi nene nyeusi zenye mikia, nikidhani zina heshima.

Watu wakajaa kweli. Wanawake waliketi chini kimya, wanaume wakaja na majembe na mikungu ya ndizi.

"Waitu mwanangu, nani amefariki?" mama mmoja akauliza kwa heshima ya Kihaya.

"Hakuna, mama. Bango linawaita msome."

"Sasa tungelisomaje? Herufi hizi tunaziona kwenye misalaba ya makaburi tu!"

Afisa, aliyekuja kuhesabu wanafunzi, akanikazia macho. Nilitamani kukimbia. Badala yake nikapanda benchi.

"Hakuna msiba, wazee wangu. Nimekosea mimi. Msiondoke."

Nikageuza bango, na upande mtupu nikaandika herufi ya kwanza, nyembamba, isiyo na madoido: a.